Nilijitangaza, nikagombana na watu, sasa nampenda mwanamume. Je, nilijidanganya?

SWALI

Bi. Mshauri, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 38, na huu ni mwaka wa 12 niko Toronto. Makaratasi ya huku niliyapata kwa kueleza kwamba napenda wanawake na kwamba nyumbani nilikuwa hatarini. Dada yangu mkubwa nilimwambia, naye akamwambia mama, na tangu hapo mama hazungumzi nami ila salamu za Idi. Niliishi na mwenzangu miaka 6, tulioana huku, tukaachana mwaka juzi kwa mambo ya kawaida ya watu wawili waliochoshana. Mwaka huu kuna mtu kazini, ametoka Bukavu. Nampenda. Anapozungumza najikuta nimeacha ninachofanya. Akichelewa naangalia saa. Ni mwanamume.

Nilipomdokezea dada alipiga kigelegele kwenye simu, akasema dua za mama zimejibiwa. Katika marafiki zangu wa huku, wale tulioshikana mikono siku za taabu, mmoja amesema niliwatumia kupata makaratasi. Na mimi mwenyewe usiku nawaza: ile miaka yote ilikuwa nini? Kama nilikuwa lesbiani kweli, hiki ni nini? Kama sikuwa, nilimpoteza mama kwa ajili gani? Nijiite nani sasa? Na makaratasi yangu yatakuwaje? Huyu kaka hajui lolote.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeifupisha na kuondoa yale ambayo jirani angeweza kukutambua kwayo. Kipande kimoja sikukigusa, kwa sababu nimekirudia mara nne. Uliandika “Nampenda,” ukaandika anapozungumza unaacha ulichoshika, ukaandika akichelewa unaangalia saa. Sentensi tatu nzima, na mimi msomaji bado sijui kama ni mwanamke au mwanamume. Kiswahili hakikukulazimisha useme. Ile “m” iliyo katikati ya “nampenda” ni ya binadamu, imetosha. Kisha ukaweka nukta, ukaanza upya: “Ni mwanamume.” Kama mtu anayekiri kosa mbele ya kadhi. Mapenzi umeyaeleza kwa raha. Hofu imeanzia pale kwenye nukta, ulipokumbuka kuwa kuna watu watataka kujua.

Nianze na swali la usiku, mengine yanaweza kusubiri. Hukujidanganya. Uliposema unapenda wanawake ulikuwa unaeleza ulichokiona ndani yako tangu usichana, na ulikisema mahali ambapo kukisema kulikuwa na gharama. Watu hawajizulii jambo la kuwagharimu mama. Miaka 6 ya kuishi na mtu, kumpikia, kumuuguza, kununiana naye kwa sababu ya bili ya umeme, haifutiki eti kwa kuwa mwaka huu moyo umeelekea kwingine. Mjane akiolewa tena hatumwambii ndoa ya kwanza ilikuwa uongo.

Na hili halijakupata peke yako. Miaka ya 1990, mwanasaikolojia wa Marekani, Lisa Diamond, alianza kuwahoji wasichana ambao hawakujiona kuwa wapenda wanaume tu. Wengine walijiita lesbiani, wengine baiseksho, yaani wanaovutiwa na wanawake na wanaume pia, na wengine walikataa jina lolote. Watafiti wengi huhoji mara moja, wakafunga daftari. Yeye alirudi kwa wale wale, tena na tena, kwa miaka 10. Mwishoni alikuwa na wanawake 79, na theluthi mbili yao walikuwa wamebadilisha jina wanalojiita angalau mara moja. Kuna jambo jingine lililonivutia zaidi ya hiyo theluthi. Tumezoea kusikia kwamba mtu anayevutiwa na jinsia zote mbili yuko kwenye kituo cha basi tu, anangoja kupanda la upande mmoja. Matokeo ya Diamond yalikwenda kinyume: waliohamia kwenye baiseksho au kwenye kutojiita chochote walikuwa wengi kuliko waliohama kutoka huko.

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Wale wanawake 79 walikuwa wachache, wengi wao Wazungu, wengi wasomi, wote wa Marekani. Hakuna aliyepiga hodi Ngamiani, huko kwenu Tanga. Lakini mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi, na habari kama yako nimeisikia kwa lafudhi ya Lamu, ya Kisumu na ya Ilala. Nimeisikia kwa wanawake zaidi, ingawa na wanaume wapo, tena hao huja wamechelewa na hukaa karibu na mlango.

Hapo hapo niweke kizuizi, maana kuna watu wanasoma hapa wakitafuta pa kuchomeka mkuki. Kwamba wengine wanabadilika hakumaanishi kila mtu anabadilika. Wapo waliopenda jinsia moja tangu walipoanza kunyoa ndevu hadi leo wana wajukuu wa ndugu zao, na kumwambia mtu wa namna hiyo “subiri, utageuka” ni kumtusi. Wapo pia wanawake wapenda wanaume na wanaume wapenda wanawake, walio wengi, ambao hawajawahi kutikisika. Wewe ulitikisika. Basi tuzungumze habari zako.

Shida yako, nionavyo, imeanzia kwenye vyombo tulivyopewa vya kupimia. Alfred Kinsey, ambaye jina lake utakuwa umelisikia huko, alikuwa mtaalamu wa wadudu. Kabla ya kugusa mambo ya chumbani ya Wamarekani alitumia miaka mingi kukusanya nyigu wadogo wanaotaga kwenye mialoni na kuifanya ivimbe, akiwapima mmoja mmoja. Mtu aliyepima nyigu kwa maelfu hujua kitu kimoja: hakuna wawili walio sawa, na mstari kati ya kundi na kundi huchorwa na mwenye daftari. Mwaka 1948 alipochapisha utafiti wake wa wanaume alikataa makundi mawili, akaweka namba kuanzia 0 hadi 6, na herufi X kwa wasiovutiwa na mtu. Jambo ambalo wanaomtaja hulisahau ni kwamba namba ile aliitoa kwa vipindi vya umri. Mtu mmoja angeweza kuwa 1 katika ujana na 4 katika utu uzima. Takwimu zake zimelaumiwa, na kwa haki, maana alijaza wafungwa na watu waliojileta wenyewe. Lakini daftari lake liliacha nafasi ya miaka kupita, na fomu nyingi zilizokuja baadaye ziliifunga nafasi hiyo.

Nasema hivyo kwa aibu, maana fomu ya aina hiyo nimeijaza kwa mkono wangu. Kliniki niliyoanzia kazi ilikuwa na ukurasa wa kwanza wenye visanduku vinne vya mwelekeo wa mapenzi, mteja aweke tiki. Mama mmoja wa makamo aliviacha vyote vitupu, akaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: “Inategemea mwaka.” Msimamizi wangu alinirudishia fomu, akasema kompyuta haikubali. Niliweka tiki mahali. Sikumbuki wapi. Yule mama alikuwa amenipa jibu sahihi kuliko swali langu.

Chombo ninachokipenda, kama ni lazima tupime, ni cha daktari wa akili Fritz Klein, alichokitoa 1978. Yeye aliona hata namba saba za Kinsey ni umaskini, kwa kuwa zinachanganya mambo yasiyokwenda pamoja. Akayatenga saba: nani anakuvutia kimwili, nani umelala naye, nani unamuota, nani moyo wako unamwendea ukiwa na huzuni, nani unapenda kukaa naye, unaishi maisha ya watu gani, na unajiita nani. Kila moja ukalijibu mara tatu: zamani, sasa, na vile ungependa iwe. Visanduku 21. Chukua karatasi ujaribu, ukiwa peke yako, simu iko chumba kingine. Kwa barua yako tu nimeshajaza viwili vitatu. Kwenye kuvutiwa, zamani ni wanawake na sasa kuna mwanamume mmoja. Kwenye kukaa naye na kukimbilia ukiwa na huzuni, zamani wanawake, sasa wanawake, na nikisoma jinsi unavyowalilia hao marafiki zako, ungependa iendelee hivyo hivyo. Unaona? Umehama kisanduku kimoja, labda viwili, na umejihukumu kana kwamba umehama vyote 21.

Usingoje maabara ikuokoe, kwa sababu najua kuna atakayekuambia jibu liko kwenye damu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa jeni za watu zaidi ya 470,000. Hakuna jeni moja waliyoipata. Walipata sehemu tano zenye uhusiano mdogo mdogo, wakasema wazi kwamba hakuna awezaye kumpima mtu damu akamtabiria atakayempenda. Tena wakaitilia shaka hata dhana ya mstari mmoja, ile ya kuwa ukisogea huku unapungua kule. Kumpenda huyu hakukupunguzii ulivyompenda yule.

Sasa jina. Mbona limekuwa zito namna hii, hata linakunyima usingizi? Kwa sababu tangu lilipozaliwa halikuwa jina la moyo. Neno ambalo Wazungu wanalitumia kwa wapenda jinsia yao, “homosexual,” lilitungwa na Karl-Maria Kertbeny, mwandishi aliyekulia Hungaria na kuandika kwa Kijerumani. Lilionekana kwenye barua yake ya 1868, kisha 1869 akalichapisha katika vijitabu visivyo na jina la mwandishi, akipinga sheria ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, iliyowafunga wanaume kwa jambo hilo. Alihitaji neno la kusimama nalo mbele ya sheria, neno la kuonyesha kuwa hawa ni watu wa namna fulani, si wahalifu. Ni neno la mabishano ya mahakamani. Ruka miaka 150 uje Kampala. Muswada uliopitishwa na Bunge la Uganda mwezi Machi 2023 ulitaka hata kujitambulisha tu kuwe kosa. Rais Museveni akaurudisha, na katika sheria aliyoisaini Mei 2023, ambayo ni kali vya kutosha, kosa la kujiita lilikuwa limeondolewa likabaki la kutenda. Wabunge wamekaa vikao kujadili kama jina lenyewe ni jinai. Na wewe, katikati ya hayo, uliingia kwenye chumba Toronto ukaulizwa wewe ni nani, ukatoa jina, jina likakupa pa kulala.

Hiyo ndiyo kazi lebo inayoijua: kusema nawe mbele ya serikali, mbele ya ndugu, mbele ya wenzako wa mapambano. Yako ilifanya kazi hiyo na ikafaulu. Wewe ulidhani pia ni picha yako ya eksirei.

Kiswahili chetu cha pwani kwa muda mrefu hakikuwa na jina la namna hiyo. Kilikuwa na matusi, ndiyo, tena mengi, lakini tazama yametengenezwaje. Msagaji ni mtu na kitendo chake. Basha na hanithi ni nafasi ambazo watu wanashika wakiwa pamoja. Shoga ndilo la ajabu zaidi: nyanya yangu alikuwa na shoga yake, mwanamke wa mtaa wa pili, wakiazimana sukari na kuchambana kwenye harusi za watu, na neno lilikuwa tamu kama kashata. Neno hilo hilo lilitumika kwa mwanamume, na leo watangazaji wa habari wamelichukua kwa wapenda jinsia moja wote wa dunia, hata mabinti wa mjini wakaamua kuitana “shosti” wasije wakachekwa. Nyanya angefufuka leo akamwita rafiki yake barazani, watu wangegeuka.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Gill Shepherd, alifanya utafiti Mombasa na mwaka 1987 akaandika kuhusu wanawake wa mji huu walioolewa, wakaachika, wakaishi na wanawake, bila kudhaniwa kuwa wamezaliwa jamii nyingine ya watu. Simkubalii kila kitu. Aliegemea mno kwenye fedha na vyeo, kana kwamba hakuna aliyependa bure. Lakini hilo la maisha ya mtu kuwa na misimu aliliona sawasawa, na wazee wetu walilijua ingawa hawakulisifu. Naomba usinielewe kwamba zamani kulikuwa pepo. Watu walistiriana kwa sharti la kunyamaza, na sharti hilo lina majeruhi wake.

Kuna mahali pamoja lugha yetu inabana, na wewe umepita pale bila kujua. Yeye ni yeye, hatuulizi. Lakini tukifika kwenye ndoa, mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na ukikosea unasahihishwa na mtoto wa chekechea. Wakurya wa Mara wamelitatua kwa namna yao. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akamuoa mwanamke mwenzake ili watoto wawe wa nyumba yake. Anaoa, kabisa, kwa kitenzi cha kutenda. Hawalali pamoja kama mke na mume. Ni mambo ya uzao na urithi. Mgeni akiiona ndoa hiyo hukimbilia kubandika lebo ya mapenzi, na inadondoka hapo hapo. Wewe ulipoandika kuhusu mwenzako hukusema ulimuoa wala alikuoa. Uliandika “tulioana.” Neno moja, watu wawili, hakuna aliye juu wala chini. Ulilipata bila kulitafuta. Litunze, utalihitaji tena kabla ya mwisho wa jibu hili.

Haya, twende kwa dada na kigelegele chake. Hapa nataka uwe macho. Furaha yake inakuumiza kwa sababu inayachukua mapenzi yako mapya na kuyafanya ushahidi dhidi ya yale ya zamani. Kuna tofauti kubwa kati ya kuhama na kuhamishwa. Moyo wako ulisogea wenyewe, bila kuombwa, tena wewe ulijaribu kuuzuia. Hilo halithibitishi kwamba mtu anaweza kusogezwa kwa maombi, viboko au vikao vya “kuponywa.” Huko Marekani yalikuwapo makundi ya kugeuza watu yaliyochukua matokeo ya Diamond kujitetea, na yeye mwenyewe akajitokeza hadharani kusema wamempotosha. Daktari Robert Spitzer, aliyechapisha 2003 utafiti wa watu 200 waliodai kubadilishwa, aliomba radhi 2012, akakiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama waliyomwambia kwa simu yalikuwa kweli. Kundi la Exodus International, lililokuwa kubwa kuliko yote katika kazi hiyo, lilifungwa 2013 kwa mkuu wake kuomba msamaha. Na huko ulipo, tangu Januari 2022, kumfanyia mtu tiba ya kumgeuza ni kosa la jinai. Kwa hiyo dada akianza habari za kukutafutia mtu wa kukusomea ili “jambo likamilike,” mkatalie mapema na kwa upole.

Ungependa umwambie nini? Mimi ningesema hivi: “Dada, nimempenda mtu, na furaha yako naipokea. Lakini yule niliyeishi naye miaka 6 nilimpenda vile vile, na ukimfanya ugonjwa uliopona, nitakata simu.” Kisha ikate kweli, mara moja tu. Ataipiga.

Kuhusu mama siwezi kukuambia uwongo mtamu. Huenda akafungua mlango kwa sababu ya mwanamume huyu, na utaijua bei yake: uingie kama mtu ambaye hayo mengine hayakutokea. Wapo wanaokubali bei hiyo, na siwalaumu, mama ni mama. Wewe mwenyewe utapima. Ninachokuomba ni usimtumie huyu kaka kama nauli ya kurudia nyumbani. Atagundua, na itamuuma.

Rafiki yako aliyesema uliwatumia, amekosea, lakini nadhani najua kinachomuuma. Watu walioishi wakiambiwa “ni kipindi tu, kitapita” hushtuka mwenzao anapofanana na maneno ya adui. Anaogopa kwamba kesho mjomba wake atakutaja wewe kama mfano. Mwite chai. Mwambie wazi kwamba hujaondoka, na kama wanakutana Jumamosi, nenda Jumamosi. Wengine watakataa. Hilo lipo, na ni uchungu wa kweli: wanawake wanaopenda pande zote mbili hukuta milango miwili imefungwa, na kila upande unadhani ule mwingine umewafungulia.

Makaratasi. Mimi si wakili, na hili unahitaji wakili wa uhamiaji, wa kwako, kabla hujamwandikia ofisa yeyote barua ya kujieleza. Usiandike kwa hofu ya usiku. Lakini yapo mawili ya kukutuliza hadi umwone. La kwanza, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi katika mwongozo wake wa 2012 limekiri kwamba kwa baadhi ya watu mwelekeo huendelea kubadilika maishani. Kumpenda mwanamume miaka 2 au 12 baadaye hakugeuzi maelezo uliyotoa kuwa ya uongo. Uliogopa kuhusu mapenzi uliyokuwa nayo, na hatari ilikuwapo. La pili, kinachowaponza wengi huko Kanada ni kingine kabisa: mtu bado hajawa raia, anaomba upya pasipoti ya nchi aliyoikimbia, au anapanda ndege kwenda kumzika mjomba. Tangu 2012 hilo linaweza kumfikisha mtu kwenye kupoteza hata ukaazi wa kudumu. Kama hujapata uraia na dada anakuita Tanga uje ukumbatiwe, muulize wakili kwanza, ndipo ukate tiketi.

Umeniuliza ujiite nani. Wanazuoni wa fiqhi ya Kishafii, madhehebu ya pwani yetu, walikuwa na suala la huntha mushkil: mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ya kike au ya kiume, na mirathi imefika kabla hayajabainika. Apewe fungu la nani? Wakasema kila mrithi apewe kile ambacho ni yakini, na kilichobaki kizuiwe mpaka mambo yabainike au warithi wapatane. Suala lile ni la mwili na lako ni la moyo, naitaja tofauti hiyo mapema nisije nikaletewa barua. Lakini nauonea wivu utulivu wao. Mali ipo mezani, warithi wanasubiri, na bado hawakulazimisha jina ili hesabu ifungike jioni hiyo.

Yakini yako ni ipi? Ulimpenda mwanamke, mkaoana, mkaachana. Unampenda mwanamume mmoja. Unao marafiki wanawake ambao ni ukoo wako wa huko. Hizo ni sentensi tatu na zote ni kweli leo. Kilichobaki kizuie. Ukitaka neno la kutumia mbele za watu, baiseksho linakutosha na halina uongo ndani yake. Wengine huko wanajiita kuiri, neno la Kiingereza la jumla kwa wote wasiopenda jinsia tofauti tu, na kwa Waganda wapo waliojichagulia kuchu, neno lao la maana kama hiyo. Ukitaka kubaki na lesbiani kwa sababu ndilo ulilolilipia, nalo sitakunyang'anya, ila wenzako watauliza. Ukitaka kukaa bila jina miaka miwili, kaa. Siku kompyuta ya mtu itakapogoma, shida itakuwa ya kompyuta.

Limebaki la huyu kaka wa Bukavu, ambaye umesema hajui lolote. Usimwambie kwa kukiri, kama ulivyoniambia mimi ile sentensi ya nukta. Wala usimwambie wiki hii. Kwanza msikilize anavyowasema watu wasiokuwapo: mwenzenu wa kazini anayetembea kwa madaha, yule binti mwenye nywele za kunyolewa, ndugu yake aliyeachika. Utapata majibu mengi bila kuuliza. Akiwa mtu wa kejeli, umeokoa muda. Akiwa si mtu wa kejeli, mkutane mahali penye watu, uwe na nauli yako ya kurudi mfukoni, na rafiki mmoja ajue uko wapi. Hayo nawaambia wanawake wote, kwa habari yoyote nzito. Mapema au baadaye atakuuliza kama uliwahi kuolewa. Jibu la kweli unalo tayari: “Niliwahi kuoana na mtu, miaka 6.” Atauliza ni nani. Mtazame usoni kidogo kabla hujaendelea.